Sinia la Kumi na Mbili

…na duara linazunguka tu kwenye skrini, jaribio la themanini na saba, themanini na nane, kosa halipungui, wiki ya tatu sasa huu mnara wa kutenganishia kemikali wa kwenye kompyuta unaniambia kwamba ule wa kweli pale nje kando ya mto hauwezi kutoa benzini safi, na ule wa nje unaitoa kila siku bila kumwomba mtu ruhusa, na saa nne, dakika kumi zijazo, nitasimama mbele ya bosi wangu Marcelle niseme nimeshindwa, kazi yangu ya kwanza ya peke yangu wapewe wahandisi wa ofisi ya Houston, mama ameshawatangazia kanisa zima la kwetu Gonzales kwamba Odile wake anachora minara… "hunisikilizi, binti," anasema Mzee Alcide, mwendeshaji wa ule mnara wa nje miaka thelathini na moja, soseji yake ya wali inadondosha mafuta kwenye karatasi zangu, nakusikia, Mzee, endelea, jaribio la tisini, anasimulia Agosti ile walipofungua mnara kuusafisha, "nikapanda mpaka sinia la kumi na mbili, pale mafuta ya malisho yanapoingilia mnarani, jasho halijanitoka hata tone"… jasho halijamtoka, Agosti, Louisiana, na tumbo lile, masinia, zile sakafu za ndani ya mnara, yako arobaini, la kumi na mbili liko karibu na mawingu… ngoja… "Mzee, ulianza kuhesabu wapi?" "Chini, mama, kwani mimi ni ndege?"… chini, Mungu wangu, chini, waendeshaji wanahesabu kwa miguu, wakipanda, na programu inahesabu kutoka juu, kama tulivyofundishwa chuoni, kipoza mvuke cha juu kabisa ndicho namba moja, halafu masinia yanashuka, kumi na mbili yake ni ishirini na tisa kwangu, ongeza kipoza, thelathini, wiki tatu nimekuwa nikimwaga malisho kwenye paa la nyumba na kulaumu jiko… "unacheka nini sasa?" anauliza, nami nacheka mpaka machozi, jaribio la tisini na nne, bado kwa namba ile ya zamani, kosa liko palepale, zunguka tu mpenzi, hukunidanganya hata siku moja, wala mnara wa nje haukunidanganya, mjinga alikuwa mmoja tu hapa ndani, na sijawahi kuufurahia ujinga wangu hivi.