Baridi Iliyokuja Bila Gunia

Delmer Stroud alifika uwanjani na magunia kumi na mawili ya barafu. Shemeji yake Ludene alifika na sufuria ya nyama ya pilipili na ulimi wake, na watu hawakujua kati ya hivyo viwili ni kipi kinachochoma zaidi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mbio za magari kabla ya majira ya baridi, huko kaskazini mwa Texas ambako nchi imelala kama meza iliyofutwa. Oktoba nzima jua lilikuwa limekataa kuaga. Lami ilinata chini ya viatu.

Ludene alikuwa na miaka sabini na mmoja, na siku ile alikuwa na jambo moja tu la kuogopa: kurudi nyumbani bila gari la kijani. Royce, marehemu mumewe, alilijenga kwa mikono yake miaka ishirini na mitatu, akafa bila kulifikisha alipotaka, yaani kumaliza robo maili chini ya sekunde kumi. Alikuwa ameshachomelea hata vile vyuma vya kumlinda dereva ambavyo kanuni huvitaka kwa magari ya sekunde tisa. Gari lilivaa nguo za harusi miaka kumi, bwana harusi hatokei.

Delmer, mdogo wake Royce, alidai kuwa kitu cha ndugu hukaa kwa ndugu. Aliyasema hayo kila Jumapili, mezani kwa Ludene, akila kuku wa Ludene. Mwisho mama wa watu akachoka. Wakakubaliana kwamba siku watakapokutana fainali, Delmer akishinda alichukue, akishindwa asilitaje tena maisha yake yote. Na siku ile, mmoja baada ya mwingine, waliwatoa wenzao wote wakabaki wao wawili.

Mbio zile si za mwenye kasi tu. Kila dereva huandika kiooni, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda ambao gari lake litatumia. Mwenye gari la mwendo mdogo hutangulizwa kwa tofauti ya namba zao, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Lakini ukikimbia upesi kuliko namba uliyoiandika mwenyewe, umetoka. Ni mchezo wa kujijua, na wanaojijua ni wachache.

Ndiyo maana Delmer alipenda barafu. Pikapu yake ilikuwa na sanduku ambamo hewa hupitia kati ya vipande vya barafu kabla ya kuingia kwenye injini. Hewa ya joto hujitawanya kama watu waliolala usiku wa fukuto, kila mmoja na mkeka wake. Hewa ya baridi hujibana kama watoto watano chini ya blanketi moja, kwa hiyo injini ikivuta pumzi moja inapata nyingi, moto unashiba, nguvu za farasi zinaongezeka. Delmer alijaza sanduku lake kila raundi kwa kipimo kilekile, na kila raundi pikapu ilikimbia sekunde kumi na nukta nane, kama saa ya ukutani, na hiyo ndiyo namba aliyoiandika kiooni. Gari la kijani lilikuwa likikimbia kumi na nukta mbili, bila barafu.

Ludene alikuwa akifunga boneti alipowaona ng'ombe wa shamba la jirani. Wote walikuwa wameacha majani, wanashuka bondeni wakiupa upande wa kaskazini mikia. Akageuka. Chini kabisa ya mbingu palikuwa na mstari wa buluu iliyoiva, mwembamba kama uzi. Hakuna jani lililotikisika. Nywele za mikono zikamsimama.

Alichukua kitambaa, akafuta namba yake, akaandika tisa na nukta tisini na nne.

Kisha akaenda kwa Delmer, aliyekuwa ameinamisha kichwa ndani ya sanduku lake, matako yakielekea kaskazini.

"Shemeji, futa namba yako. Baridi inakuja."

Delmer hakuinua hata kichwa. Asubuhi shemeji huyuhuyu alimwambia kwamba msimamizi wa mbio anamtafuta, naye akazunguka uwanja mzima kumbe hatafutwi na mtu. Mchana alimtilia chumvi kwenye kahawa.

"Leo umenipata mara mbili, shemeji. Ya tatu kampe mwingine."

"Ninakuapia kaburi la kaka yako."

"Hapo ndipo nimejua unadanganya," alisema Delmer. Aliinuka akaiona ile namba kiooni mwa gari la kijani, akacheka hadi akashika kiuno. "Tisa? Royce mwenyewe hakuiona tisa. Niwekee ufunguo mahali pakavu."

Msimamizi akawaita. Ukishampita yeye, namba haibadilishwi tena. Delmer akapita.

Ludene akatazama nyuma. Uzi ulikuwa umekuwa ukuta, lakini ukuta ulikuwa bado mbali, na joto lilikuwa palepale. Wakikimbia sasa, tisa haipo, na gari limekwenda. Basi akauweka mguu kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akainama kama mtu wa kufunga kamba ya kiatu. Vidole vikaenda polepole. Akahamia mguu wa pili. Delmer alipiga honi. Msimamizi alitazama saa yake, kisha akautazama mgongo wa yule bibi, na adabu ikamzuia kumharakisha.

Ndipo ukuta ulipofika.

Kwanza ilikuwa harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Kisha bendera zote zikageuka pamoja, na baridi ikapita juu ya uwanja kama mtu aliyefungua mlango wa mbinguni akasahau kuufunga. Jasho lilikauka usoni mwa Ludene kabla hajaketi. Hakuna magunia duniani ambayo yangeweza kufanya vile. Ilikuwa barafu ya nchi nzima, haina mwenyewe, inamwagwa bure.

Delmer alitangulizwa. Taa ya Ludene ilipowaka akakanyaga mafuta, na gari alilolijua miaka yote likawa geni. Lilivuta pumzi. Alilisikia likiivuta, ndefu, kama mtu aliyetolewa majini, kisha likanguruma kwa sauti ambayo Royce hakuwahi kuisikia, na nchi ikakunjwa ikatupwa nyuma.  Ludene hakumwona Delmer, hakuona chochote ila ule mstari wa mwisho ukimjia.

Pikapu ilifika mbele yake, lakini kwa sekunde kumi na nukta sita. Delmer alikuwa ameishinda namba yake mwenyewe, akawa ametoka.

Alimkuta Ludene ameketi bado ndani ya gari, karatasi ya muda mkononi: tisa na nukta tisini na tano. Upepo ulivuma. Delmer alivua kofia, akaisoma karatasi mara mbili, akaugusa ule uchomeleaji wa kaka yake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayegusa paji la uso. Upepo uliendelea kupita juu yao, mkubwa, usiowajua.

Kisha macho yake yakashuka hadi miguuni pa shemeji yake. Viatu vilikuwa vya kutumbukiza tu. Havikuwa na kamba.