Posa ya Mlimani

Mwoka mikate alikuwa ameipanga posa yake vizuri, ila mlima haukushirikishwa. Mjomba aliyekuja kumsemea aliishiwa pumzi katikati ya njia, akajibwaga juu ya jiwe. "Nenda tu, mpwa wangu," alisema. "Mimi niko nawe kwa moyo."

Kwa hiyo alifika juu peke yake, jasho likimtiririka, akamkuta mzee ameketi kwenye kigoda, darubini machoni. Kila vuli, ndege wawindaji wanapohamia kwenye joto, mzee huyu hupanda hapa kuwahesabu. Yeye hutazama na kutaja, binti yake hubonyeza kidude cha kuhesabia. Wamefanya hivyo tangu mama mtu afariki, binti akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Leo alibaki nyumbani makusudi, ili wanaume wazungumze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinizibie anga."

"Nimekuja na jambo..."

"Subiri, kuna mwewe."

Baada ya mwewe wakaja vipanga, kisha mwewe tena. Kijana akajikaza kiume.

"Sema basi," mzee alisema mwishowe, bila kushusha darubini. "Macho yana kazi, masikio yamekaa bure."

"Naomba kumwoa binti yako."

Papo hapo kundi la tai likachomoza kaskazini, likazunguka juu ya bonde, kisha wakaanza kuteleza mmoja mmoja kuelekea kusini. Mwoka mikate alingoja mzee awataje. Mzee alikuwa ameshusha darubini, anajifuta macho kwa mkono wa shati, na tai wanampita juu ya kichwa.

Kijana aliona haya kumtazama. Akaokota kile kidude kilicholala kando ya kigoda, akaanza kubonyeza.

"Nilijua utakuja," mzee alisema. "Nakupenda, sikufichi. Lakini sina mwingine ila huyu. Ukimchukua, nitaongea na nani?"

"Tutakaa mtaa wa pili tu, baba."

"Mtaa wa pili ni mbali kwa mtu aliyezoea kumsikia akikohoa chumba cha pili."

Kijana aliendelea kubonyeza mpaka tai wa mwisho akapotea.

"Wangapi?"

"Thelathini na wanne. Ila wawili walibanana, huenda nimekosea."

Mzee akapenga kamasi, akairudisha darubini machoni.

"Andika hao hao," alisema. "Mimi sikuwaona. Nilikuwa namwozesha binti yangu."