Maharage ya Desemba

Mwalimu Mwanaheri alifundisha darasa la pili miaka sita katika shule ya Mzee Mansuri, Kasulu mjini. Miaka sita, mikataba sita. Kila mkataba ulianza Januari na kufa tarehe thelathini Novemba. Desemba walimu wote walikuwa si watu wa shule, na Januari Mansuri aliwaita aliowataka, wakasaini upya.

Mimi sikuwa mwalimu. Shule niliachia darasa la nne, Busunzu, na sikulia. Kwa Mansuri nilikuwa msimamizi wa shamba. Shamba liko upande wa Titye, ekari kumi na mbili za maharage, na maharage hukomaa Desemba hiyo hiyo ambayo walimu hawana mkataba. Kwa hiyo walimu walikuja kuyang'oa. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja alijua tu kwamba Mansuri husoma daftari la mahudhurio la shamba kabla ya kuita watu Januari, na daftari nilikuwa nalo mimi.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, Mwanaheri alisimama kwenye kikao cha walimu.

"Mzee, naomba mkataba wa kudumu," alisema. "Kazi ni ile ile, darasa ni lile lile. Sheria inasema mkataba wa muda ukirudiwa hivi, mtu ana haki ya kutegemea utarudiwa tena. Kuukata bila sababu ni kumfukuza."

Mansuri alitabasamu. "Ombi zuri, Madam. Bodi itakaa tarehe mbili Januari. Itakujibu."

Bodi ni yeye, mke wake na shemeji yake.

Jioni ile aliniita dukani kwake. "Badru, huyu mama ana siku thelathini tu za kunishtaki kwenye tume ya usuluhishi wa kazi kule Kigoma, kuanzia mkataba unapoisha. Nataka siku hizo zote aone maharage. Unanielewa?"

"Naelewa, bosi."

"Ukinifanyia hilo, na wewe nakuandikia barua ya kudumu."

Mimi nilikuwa na miaka tisa pale bila karatasi yoyote. Nikaondoka nimefurahi.

Desemba mosi walimu walifika tisa, na majembe na makoti ya mvua. Niliwasimamisha kwenye tope nikasoma majina kama wao wanavyowasomea watoto.

"Haya wasomi, inameni! Maharage hayaulizi digrii. Madam Mwanaheri, hebu shika chini kwenye shina, usishike kama chaki."

Wenzake walicheka. Walicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe, maana kila mmoja alitaka nione anacheka.

Alikuwa hodari. Alimaliza tuta kabla ya wanaume. Nilimpangia yale ya bondeni, yenye maji, akayaingia. Jioni kila mtu alipewa sado moja ya maharage, kama ilivyo kwetu: aliyekusaidia kuvuna haondoki mikono mitupu, na anayekataa anakutukana. Mwanaheri alipokea kwa mikono miwili akashukuru.

Wiki ya tatu, wakati wa kula mihogo, nilimsikia mwalimu Pasikali, wa hesabu, akimnong'oneza.

"Dada, nenda Kigoma. Siku zinaisha. Ukishapitisha thelathini wanakufungia mlango."

"Nikienda daftari litaonyesha sipo. Na bodi bado haijanikataa, nitashtaki nini?"

"Ndicho wanachotaka hicho."

Mwanaheri alinijia mwenyewe, mikono imejaa udongo. "Kaka Badru, wewe uko karibu na Mzee. Niambie ukweli. Jina langu limesemwaje?"

"Limesemwa vizuri," nilimwambia. "Mzee kasema asiyekosa hata siku moja, huyo ndiye wa kudumu. Sasa wewe kosa ujionee."

"Kweli?"

"Madam, mimi nipate faida gani kukudanganya?"

Tarehe ishirini na sita hakuonekana. Nilimpigia simu. Alikuwa na homa, sauti inatetemeka. Nikamwambia nimeshika kalamu, niandike nini? Baada ya saa moja alikuja kwa bodaboda, kitenge amejifunika kichwani, akaingia kwenye tuta. Alitapika mara mbili. Pasikali alitaka kumsaidia nikamrudisha kwenye mstari wake.

Tarehe thelathini ikapita. Tarehe mbili Januari Mansuri akampa barua ya mistari mitatu: mkataba uliisha Novemba, shule haina nafasi, inamtakia heri.

Siku iliyofuata alipanda basi kwenda Kigoma. Kule tume walimwambia amechelewa, lakini kuna njia moja. Kama aliendelea kufanya kazi ya mwajiri baada ya Novemba, na mwajiri akijua, anaweza kudai mkataba uliendelea, na siku thelathini zihesabiwe kuanzia Januari. Ila alete mtu wa kuthibitisha. Pasikali na wenzake walikuwa wameshasaini mikataba yao mipya, wakazima simu. Nikabaki mimi.

Jumapili alinifuata hadi nyumbani Busunzu. Mke wangu, Mwajabu, alimkaribisha, akamsongea ugali. Mwanaheri hakula. Alipiga magoti mbele yangu, mwalimu mzima, kwenye sakafu yangu ya udongo.

"Kaka, sikuombi useme uongo. Sema tu nilikuwa kazini na wewe ulikuwa unanisimamia. Basi."

Mwajabu alianza kulia. "Baba Shamsi, mtoto wetu kajua kusoma kwa huyu. Si utasema?"

"Nitasema," nilijibu.

"Ego, ndiyo, atasema," Mwajabu alimwambia, akamwinua.

Siku ya shauri Mansuri alinipeleka Kigoma kwa gari lake. Barua yangu ya kudumu ilikuwa kwenye bahasha, mfukoni kwake, na alinionyesha ncha yake tu.

Mwamuzi alikuwa kijana mpole. Akaniuliza: "Desemba huyu mama alikuwa anafanya nini shambani?"

"Alikuja kusaidia kuvuna, kama majirani wengine. Jioni tulimpa maharage akaondoka."

"Alikuwa mfanyakazi?"

"Hapana. Mfanyakazi halipwi maharage."

"Alilazimishwa kuja?"

"Alikuja kwa miguu yake."

Mwamuzi akamgeukia Mwanaheri. "Ni kweli ulipokea hayo maharage?"

"Nilipokea, mheshimiwa, lakini..."

"Una swali kwa shahidi?"

Alinigeukia. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa.

"Badru," alisema, "jirani akiwa na homa, kwa nini ulimpigia simu aje?"

"Kumjulia hali," nilisema.

Mansuri alikohoa kuficha kicheko. Mwamuzi aliandika, akauliza sababu nyingine ya kuchelewa. Mwanaheri alisema alikuwa anasubiri bodi. Akaambiwa kusubiri bodi si sababu. Ombi lake likatupwa, na nafasi yake darasa la pili tayari alikuwa nayo msichana mmoja kutoka Makere, mkataba wa Januari hadi Novemba.

Nilifika Busunzu jioni, bahasha mfukoni. Mwajabu alikuwa mlangoni.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Na Madam amepata?"

"Hakupata. Sheria ngumu."

Alishika kichwa. Kisha akaniletea maji ya kunawa, akanimwagia taratibu.

"Pole, mume wangu. Wewe angalau ulisimama naye."

Akanipakulia nyama, na kipande kikubwa akaniwekea mimi. Nikala.