Simu ya Tarehe Kumi na Mbili

Fundi Exaucé alifika Kizuka Jumanne saa mbili asubuhi, akisukuma baiskeli aliyoifungia boksi jeupe la kunasa mtandao, waya mweusi wa mita kumi na tano, na antena iliyofanana na mifupa ya samaki. Pikipiki yake alikuwa ameiacha Rumonge mjini, kwa kuwa esansi ilikuwa haijapatikana kwa wiki ya tatu mfululizo. Alipanda juu ya bati, akaielekeza antena upande wa mnara wa Minago, akaikaza. Kisha alishuka, akaupitisha waya dirishani hadi sebuleni, na boksi akalitundika ukutani chini ya cheti cha ualimu cha mwenye nyumba. Mwisho aliliunganisha na paneli ya jua.

"Iko inakamata, mwalimu. Vijiti vyote vitano."

"Kinakamata," Mwalimu Melkiades alimsahihisha. "Kifaa kinakamata."

"Kinakamata. Na kingekataa, ungenipa zero?"

"Ningekupa unachostahili."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa bondeni, katikati ya michikichi, mahali ambapo mtandao haukuwahi kufika. Majirani waliotaka kuzungumza kwa simu walipanda hadi kwenye tangi la maji na kusimama pale kwa safu, kila mmoja akipaza sauti kuhusu wagonjwa wake na ndoa zake. Mwalimu hakupanda hata siku moja. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, alikuwa amefundisha ukimbizini Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na baada ya kurejea alikuwa amesimikwa kuwa mushingantahe, mtu ambaye neno lake na saini yake hukata mashauri ya kilima kizima. Aliona si haki mtu wa namna hiyo ayapigie kelele mambo ya nyumba yake mbele ya walevi. Mke wake Generoza naye alimkataza, na Generoza alitii.

Kwa sababu hiyo, binti yao Ineza, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akifanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Waarabu, aliwafikia kwa njia ya Pontiani tu. Pontiani ndiye aliyempeleka. Alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno ya adabu, aliyeleta salamu na picha kila baada ya miezi miwili. Tangu Pasaka hakuwa ameleta chochote. Ndipo mwalimu alipoagiza kifaa.

Saa nne, jua lilipoifikia paneli barabara, simu ya mwalimu iliita, na sauti ikatoka ndani ya boksi.

"Papa, amahoro? Ni mimi, Ineza. Nimefika salama. Huku kuna joto, papa, hata hewa ya feni iko moto."

"Ineza!" Generoza aliita. "Mwanangu, mbona umekuwa kimya hivi?"

Sauti haikumjibu. Ilieleza habari za ndege na za chakula kilichotolewa ndani ya ndege, ikawasalimu majirani wawili ambao mmoja wao alikuwa ameshafariki, kisha ikakatika. Mchanga mwembamba, kiasi cha kijiko kimoja, ulidondoka kutoka chini ya boksi. Generoza alichukua ufagio, akaufagia.

Exaucé alikitazama kifaa kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake.

"Hiyo ni simu ya miaka mitatu iliyopita," alisema. "Zile zote zilizokosa rezo, kwa kuwa mtandao haukufika hapa, zilikuwa zinangoja. Sasa zinaingia kwa zamu, moja kwa siku, jua likiwa limepanda."

"Ziko ngapi?"

Exaucé alibonyeza vitufe. "Mia moja sitini na tatu, mwalimu."

"Na simu ya leo, akipiga leo?"

"Itakaa nyuma ya zingine."

"Na mimi nikimjibu?"

"Jibu lako nalo litapanga mustari kule kwake. Yeye atalisikia zamu yake ikifika." Alifunga begi lake la vyombo. "Kifaa ni kizima, mwalimu. Simu ndizo zimechelewa."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi saa nne, mwalimu na mkewe waliketi chini ya boksi. Katika mwezi wa kwanza Ineza alicheka mara nyingi. Katika mwezi wa pili alisema kwamba pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini na kwamba analala jikoni, karibu na mashine ya kufulia. Siku moja alisema amechomwa mkono kwa pasi ya nguo, akaanza kulia.

"Paka mawese, mama," Generoza alisema mbele ya boksi. "Usipake maji. Paka mawese, ufunge kitambaa safi."

Mwalimu hakumkumbusha kwamba kidonda kile kilikuwa kimepona, au kilikuwa kimeharibika, miaka miwili nyuma. Jibu la Generoza liliingia katika zamu.

Kwa wakati huo habari ya mtandao ilikuwa imeenea, kwani hapakuwa na nyumba nyingine bondeni yenye vijiti vitano. Majirani walikuja kupiga simu zao wakiwa wamekaa kitini. Mwalimu aliwapokea, lakini alidai kila anayezungumza azungumze kwa sauti ya chini na kwa sentensi kamili. Simu za wengine ziliingia na kutoka kwa wakati wake. Za Ineza pekee ndizo zilizochelewa, maana ni yeye pekee aliyekuwa amepiga muda wote ule bila kupokelewa.

Pontiani naye alikuja asubuhi moja, katika mwezi wa nne. Alisalimu kwa mikono miwili, akapewa kiti kizuri na kikombe cha chai, akatoa simu yake. Kabla hajaanza kupiga, saa nne ikatimia.

"Papa, leo ni tarehe kumi na moja Machi," Ineza alisema. Alizungumza kwa haraka na kwa sauti ya kunong'ona. "Contrat yangu ya kazi inakwisha wiki ijayo, nitarudi. Lakini Pontiani anakuja kwako na karatasi ya kuniongezea miaka miwili. Atakuambia mimi ndiye nimeomba. Mimi sikuomba. Bila saini ya mzazi hawawezi kunizuia. Papa, nakusihi, usisaini."

Mchanga ulidondoka. Generoza hakuinuka kuufagia.

Mwalimu alimgeukia mgeni. Karatasi ile alikuwa ameisaini tarehe kumi na nne Machi ya mwaka uliopita, juu ya meza ileile, kwa mwandiko wake wa mlazo ambao wanafunzi wake walikuwa wakiuiga. Alikuwa ameisoma mara mbili kabla ya kusaini, na hakukuta kosa hata moja la herufi.

"Ni sauti yake," Pontiani alikiri, akikoroga chai. "Siwezi kukana."

"Ulisema yeye ndiye aliyeomba."

"Nilisema karatasi ndiyo inasema. Wewe ni mushingantahe, mwalimu. Tukienda mbele ya watu, utasema nini? Kwamba saini si yako?"

"Saini ni yangu."

"Basi."

"Baba Ineza," Generoza alisema, "mfukuze mutu huyu."

Lakini mgeni alikuwa bado hajamaliza chai, na mwalimu hakuwa amewahi kumtoa mtu nyumbani mwake na kikombe mkononi. Pontiani aliimaliza taratibu. Kisha, kwa kuwa mtandao ulikuwa mzuri, alimpigia mama mmoja wa Minago, akamwambia amtayarishe binti yake picha nne na cheti cha kuzaliwa. Alizungumza kwa sauti ya chini na kwa sentensi kamili. Alipoondoka alishukuru.

Mchana huohuo mwalimu alitembea hadi barabarani, akapata baiskeli ya kumfikisha mjini, akaingia ofisi mbili za serikali kumshtaki Pontiani. Kote walimsikiliza, na hakuna aliyeshangaa kuhusu simu. Walitoa nakala ya karatasi, wakamwonyesha chini kabisa, wakamuuliza kama ni yeye. Alijibu kwamba ni yeye. Walimrudishia kitambulisho chake.

Kesho yake waliketi tena chini ya boksi. Simu iliita saa nne kamili.

"Papa, mama, leo ni tarehe kumi na mbili," Ineza alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya simu nyingi alikuwa akicheka. "Madamu amekasirika, anasema karatasi haijafika. Nilijua. Niliwaambia, papa wangu ni mwalimu, hasaini kitu bila kuniuliza mwenyewe. Nimeshafunga begi. Murakoze cane, papa. Murakoze kutosaini."

Mwalimu Melkiades alisimama wima na kufunga kifungo cha juu cha koti, kama alivyofanya daima aliposhukuriwa mbele ya watu. Generoza alimtazama.

"Sikusaini, mwanangu," mwalimu alisema mbele ya boksi.

Kifaa kiliipokea sauti yake, kikaiweka nyuma ya zile nyingine. Kwa tarehe ile, lilikuwa neno la kweli.