Viti vya Waliokatwa

Jioni ya tuzo Shangazi alimaliza kunyoosha shati la mwisho, akamwaga majivu ya pasi nyuma ya kibanda, akafunga mlango kwa komeo na kufuli. Kutwa nzima alikuwa amepiga pasi nguo za watu wanaokwenda sinema: suti za majaji, gauni refu la mshereheshaji, hata suruali nyeupe ya Mwongozaji, mtoto wa kaka yake. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, ingawa mwenye haki kamili ya kumwita hivyo alikuwa huyo Mwongozaji peke yake, ambaye Shangazi alimlea tangu anaota meno.

Filamu ya Mwongozaji ilikuwa miongoni mwa zilizoingia kwenye mashindano. Ilihusu mwanamke dobi aliyeachwa na mumewe, na ilipigwa picha ndani ya kibanda cha Shangazi, kwa pasi ya Shangazi, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyeigiza sehemu kubwa, pale mwanamke anapozungumza na shati la mume aliyekwenda zake. Mwongozaji alikuwa amemwandikia maneno. Shangazi aliyasoma, akayarudisha.

"'Ee upweke, mbona wanitesa?'" alimuuliza. "Baba, nani anaongea hivyo na shati?"

Basi akaongea anavyoongea yeye, na kamera ikachukua.

Tangu siku hiyo alikuwa ameutangazia mtaa kwamba ataonekana. Kwa hiyo majirani walijaza safu nzima karibu na mbele, wamevaa na kujipulizia manukato. Kinyozi alikaa kushoto kwake. Upande wa kulia kiti kilikuwa kitupu, kwa sababu mke wa Kinyozi alikuwa na mafua.

"Shangazi," Kinyozi alisema, "ukitokea tupige makofi au tusimame kabisa?"

"Kaeni. Mkisimama nitajionaje?"

"Mimi nitapiga mluzi."

"Piga, lakini usiniaibishe. Meno ya mbele huna, utaturushia mate."

Jumba lile lilikuwa la zamani kuliko mtu yeyote aliyekuwemo. Lilijengwa enzi za filamu zisizo na sauti, na kando ya skrini palikuwa na mlango mdogo wa wapiga muziki. Lilikuwa limefungwa miaka mingi, tangu Mwongozaji hajazaliwa, na sasa lilikuwa limepakwa rangi na kufunguliwa tena kwa ajili ya tuzo hizi za watengenezaji filamu wasio na kampuni kubwa. Wazee wa mtaa walizijua tabia zake. Walijua kwamba bomba la choo cha wanaume linavuja. Walijua kwamba taa ya ngazini huwaka inapotaka. Na walijua kwamba filamu ikifika mahali ambapo mtu alikuwepo, kisha wakati wa kuhariri akakatwa, mtu yule hutoka kwa ule mlango mdogo na kuomba kiti.

Filamu ya kwanza ilihusu harusi. Ilipofika kwenye karamu, mlango ukafunguliwa, wakaingia wageni waalikwa ambao mhariri aliona wanairefusha hadithi: mashangazi wa bibi harusi, mpiga tarumbeta na tarumbeta lake, mzee mmoja aliyekuwa bado anatafuna. Msimamizi wa jumba, mzee wa tochi na koti lenye vifungo vya shaba, aliwapanga kwenye mabenchi ya ukutani huku akinung'unika.

"Pita ndani, mama. Sogea, sogea. Wewe wa tarumbeta, hapa hapigi mtu."

Filamu ya pili ilitoa polisi mmoja na mbwa. Mbwa alikwenda moja kwa moja kulala chini ya meza ya majaji, na jaji mmoja akavua kiatu ili amkune kwa mguu.

Taa zilipowashwa kwa mapumziko, Msimamizi alipanda jukwaani. "Ndugu waongozaji," alisema, "katika barua ya mwaliko tuliwaomba msikate sana. Viti ndivyo hivi mnavyoviona. Mtu ukimtoa kwenye filamu yako, hajaisha. Anakuja kwangu."

Watu walicheka. Mwongozaji, aliyekuwa safu ya mbele kabisa katika suruali yake nyeupe, hakucheka. Vyuo na kumbi alizozizoea yeye zilikuwa mpya, na huko mtu akikatwa alikuwa amekatwa. Alitazama nyuma, akakutana na macho ya Shangazi. Shangazi akampungia mkono.

Filamu yake ilipoanza, Mwongozaji aliinuka taratibu, akaenda kusimama kwenye ule mlango mdogo, akauegemea kwa mgongo, mikono kifuani, kama mtu anayependa kutazama akiwa wima.

Kibanda kikatokea kwenye skrini. Majirani wakanong'onezana, kila mmoja akionyesha alichokitambua: ndoo, kamba ya nguo, kalenda ya kiwanda cha sabuni. Pasi ikatokea. Kisha akatokea mwanamke wa kuishika pasi, na alikuwa binti mrembo, mwenye shingo ndefu na vidole ambavyo havijawahi kuungua. Binti akafungua kinywa, ikatoka sauti ya Shangazi.

"Wewe shati," ilisema sauti, "mwenyewe ameondoka na viatu vipya, akakuacha wewe. Hata kosi halijalegea. Haya, lala hapo nikunyooshe, maana yeye alinishinda."

Ukumbi mzima ulicheka, kisha watu wakaanza kutafuta leso.

"Shangazi," alinong'ona Kinyozi, "huyu binti mbona anaongea kama wewe?"

"Si kama mimi. Ni mimi."

"Sasa wewe uko wapi?"

Kabla Shangazi hajajibu, Mwongozaji aliruka kutoka mlangoni akishika makalio kwa mikono miwili. Suruali nyeupe ilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi mwingine, katika gauni lilelile la maua alilovaa siku ya kupiga picha, kitambaa kichwani, pasi ya mkaa mkononi inafuka moshi.

"Mama, pasi iache nje," alisema Msimamizi.

Yule mwanamke alifungua kinywa kumjibu, lakini hakikutoka kitu. Sauti yake ilikuwa kazini kule kwenye skrini. Akaishika pasi vizuri zaidi.

"Basi ingia nayo, ila usiiweke kwenye zulia."

Alikuja mpaka kwenye safu ya majirani. Shangazi alimtazama, akaona kwamba siku ile alikuwa amechoka kuliko alivyokumbuka, na kwamba kitambaa kilikuwa kimekaa upande. Akamweka kwenye kiti cha mke wa Kinyozi, akamnyooshea kitambaa. Majirani walimwamkia mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia kwa kichwa. Kinyozi alipiga mluzi kama alivyoahidi, na mate yakaruka.

Zikaja tuzo. Mwigizaji Bora wa Kike alikuwa yule binti. Jaji alisema kilichowagusa zaidi ni sauti yake, sauti ya mtu aliyeishi. Binti alipanda jukwaani, akamshukuru Mungu, mama yake na Mwongozaji kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga, na watu wa nyuma wakalalamika kwamba kipaza sauti ni kibovu. Tuzo ya Mazungumzo Bora alipewa Mwongozaji. Aliipokea ameupa ukuta mgongo, kwa sababu ya suruali. Alieleza jinsi alivyokesha akiyatafuta maneno yale.

Shangazi alipiga makofi. Mtoto ni mtoto. Mwenzake hakupiga, alikuwa ameshika pasi, na mkono wa kiti ulikuwa umeanza kunuka.

Walimkuta Mwongozaji kwenye ukumbi wa mbele, anapigwa picha kifua mbele. Alipowaona wawili wanakuja, aliwaomba wapiga picha wampishe.

"Shikamoo, Shangazi." Akamgeukia wa pili. "Shikamoo... Shangazi."

"Marahaba," alijibu Shangazi kwa wote wawili. "Hebu niambie, baba."

"Si mimi. Wafadhili waliitazama, wakasema uso hauuzi."

"Na sauti?"

"Sauti waliipenda. Majaji wakadhani ni ya yule binti, nami nikachelewa kuwasahihisha."

"Sura sikudai, baba, hata mimi nikiamka asubuhi huishtukia. Lakini yale majina yanayopanda mwishoni nimeyasoma yote. Nimemwona dereva. Nimemwona aliyepika chai. Langu liko wapi?"

Mwongozaji aliitazama tuzo yake kana kwamba jibu limechongwa kwenye kitako. "Yalikuwa yamejaa."

"Jina moja tu?"

"Nitarekebisha, Shangazi. Haki ya Mungu. Wiki ijayo."

Yule mwingine alifungua kinywa, akakifunga.

Msimamizi alipita na tochi akiwauliza waliokatwa nani anakwenda na nani, maana jumba halilazi wageni. Waalikwa wa harusi waliondoka pamoja, mpiga tarumbeta mbele, kutafuta nyumba ya kupanga. Yule polisi aliajiriwa palepale kulinda lango. Mbwa akamfuata jaji. Shangazi alimshika mwenzake mkono ule usio na pasi, wakarudi nyumbani na majirani, na njia nzima Kinyozi aliwaigiza wapokea tuzo mpaka mzee mmoja akaketi ukingoni mwa barabara kwa kucheka.

Kibandani pakaongezwa meza ya pili. Pasi ya yule mwingine haikuhitaji mkaa. Ilikuwa ya moto siku ya kupiga picha na haikupoa tena. Yeye alinyoosha mashati ya kiume tu, nguo nyingine hakuzijua, lakini hayo aliyanyoosha vizuri sana, na midomo yake ilicheza juu ya kila shati. Mteja akimwuliza jambo, hufungua kinywa, na Shangazi hujibu kutoka meza yake. Watu walizoea kumtazama mmoja na kumsikiliza mwingine.

Filamu ilizunguka miji mingi ikapata tuzo nyingi. Kila ilipooneshwa tena kwenye lile jumba, safu ya majirani ilijaa, na majina yalipoanza kupanda waliyasoma kwa sauti, dereva, mpika chai, mpaka la mwisho. Kisha walisema "Bado," wakaenda nyumbani.

Asubuhi moja Mwongozaji alikuja na shati la hariri. Alikuwa na safari ya mbali, kwenda kupokea tuzo ya maneno yale.

"Na jina?" aliuliza Shangazi.

"Wiki ijayo, Shangazi. Nikirudi tu."

"Haya. Mpe mwenzangu, mashati ni yake."

Yule mwingine alilitandaza shati, akalinyoosha mgongo, mikono, kisha kosi, polepole, midomo ikicheza. Lilitoka halina hata kunyanzi moja. Mwongozaji alilivaa palepale, akawaaga kwa heshima zote, akaondoka na viatu vipya.

Walimtazama mpaka alipokata kona.

"Walau kosi limekaa sawa," alisema Shangazi.

Yule mwingine akaweka pasi chini, akafungua kinywa, akacheka mpaka mabega yakamtetemeka. Kicheko kikatoka kwa Shangazi, kikubwa, na Kinyozi akachungulia kutoka kwenye kibanda chake kuuliza kuna nini.