Sabini na Saba Nukta Sita

Kabla Oleta Rowe hajawaza kusomea uuguzi, watu thelathini walikuwa wamekata roho mikononi mwake. Hakuwaandika popote, lakini majina yao aliyajua yote, na siku zile moyo ukimlemea alikuwa akiyataja moja moja huku anatandika vitanda.

Mimi na yeye tulikuwa wahudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, kwetu kwenye milima ya makaa ya mawe ya Kentucky. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne kazini, mimi sita. Mhudumu huogesha, hulisha, hugeuza, hufuta. Lakini hana ruhusa ya kumpa mtu hata kidonge cha kichwa. Akiona jambo humwita muuguzi, na muuguzi akisema si kitu, basi si kitu.

Aliyetusukuma darasani ni mzee Amburgey, ambaye Oleta alimlea miaka mitatu. Jumatatu moja alimwona miguu imevimba na pumzi zimekuwa fupi. Akamwita muuguzi wa zamu, msichana wa miaka ishirini na tatu.

"Chumvi tu hiyo, mama. Mpunguzie supu," yule msichana akasema.

Oleta akarudi kumwambia jioni, na kesho yake asubuhi, na kesho yake mchana. Jumatano, kabla ya staftahi, mzee Amburgey akawa wa thelathini na moja.

Nilimkuta Oleta ameketi kwenye ukingo wa kile kitanda. "Dreama," akaniambia, "nimechoka kuwa mtu wa kuona tu. Naenda kusoma."

"Una miaka arobaini na mitatu, shoga."

"Kuhesabu najua. Wewe unakuja, au unabaki hapa kufuta?"

Nikaenda naye.

Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi. Chuo cha jamii cha kaunti yetu kilikuwa na nafasi arobaini za uuguzi, na waombaji walipita mia mbili. Kwanza tukasoma hesabu, biolojia na somo la mwili wa binadamu, ndipo tukafanya mtihani wa kuingilia. Mwaka wa kwanza tulikosa wote wawili. Oleta hakuifungua barua yake. Aliipima kwa vidole, akaitia mfukoni. "Anayekutaka hukutumia fomu za kujaza," alisema. "Hii haina uzito."

Mwaka wa pili mimi nikapata, yeye akawekwa kwenye orodha ya wanaosubiri, wa tisa. Majira yote ya joto alitembea na simu hata chooni. Wiki moja kabla masomo hayajaanza ikaita mfukoni mwake, naye amembeba Bi. Combs, bibi mmoja mzito wa miaka tisini, nusu yupo kitandani nusu yupo kwenye kiti.

"Dreama! Tia mkono mfukoni mwangu, upokee!"

Nikapokea, ni watu wa chuo, nikamwekea sikioni. Akawa anasikiliza tu, amemkumbatia Bi. Combs kama wanacheza dansi. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, bibi. Nitakuwepo." Akamketisha yule kikongwe taratibu, akamfunga kamba za viatu, kisha akakaa sakafuni akaangua kilio.

Bi. Combs akampapasa nywele. "Nani amekufa, mwanangu?"

"Hakuna, Bi. Combs. Leo hakuna."

Siku ya kwanza darasani mwalimu wetu, Bi. Prater, mwanamke mwembamba aliyekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka mingi, alitusomea sheria amesimama. Alama ya kufaulu ni sabini na nane kwa mia. Chini ya hapo umeanguka, na alama haipandishwi hata kwa nukta moja. Ukianguka mara moja, unaondoka na kuomba kurudi mwaka unaofuata. Ukianguka mara mbili, huruhusiwi kurudi tena.

"Sabini na saba nukta tisa je?" kijana mmoja akauliza, akicheka.

"Sabini na saba nukta tisa ni sabini na saba nukta tisa," Bi. Prater akamjibu.

Wodini, tulikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo, Oleta alikuwa hana mpinzani. Sisi wengine tulikuwa tukimshika mgonjwa kana kwamba tumeshika yai. Yeye alimgeuza mtu mwenye mkono uliovunjika, akambadilishia shuka, akamweka sawa, na mgonjwa hakukatisha hata sentensi aliyokuwa akiisema. Niliwahi kumwona Bi. Prater amesimama mlangoni akimtazama, kalamu imemganda mkononi.

Nyumbani mumewe, Denver, ndiye aliyemshikia kadi za kukariria majina ya dawa. Denver alichimba makaa miaka ishirini na miwili hadi vumbi likamla mapafu, na sasa alikuwa akienda kila mahali na mtungi wake wa oksijeni kwenye kigari. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikienda kwao kula maharage na mkate wa mahindi, na tukishamaliza anapanga kadi mezani kama mcheza karata.

"Hii inaitwa... meto... meto-nini hii? Mungu wangu, hata mama mkwe hana jina baya hivi."

"Metoprolol," Oleta akasema. "Hupunguza mapigo ya moyo. Pima mapigo kwanza. Yakiwa chini ya sitini usimpe."

"Na mimi utanipa nini?"

"Wewe nitakupa kofi usipogeuza kadi."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, na Oleta akainuka kumsugua mgongo huku ananitajia dawa iliyofuata.

Lakini mtihani ulikuwa jambo jingine. Maswali yetu hayakuuliza unajua nini. Yaliuliza: muuguzi atafanya nini kwanza? Majibu manne, yote mazuri, na moja tu ndilo sahihi. Hapo Oleta alikwama, kwa sababu kila swali lilimletea mtu aliyemfahamu. Akisoma "mgonjwa wa miaka themanini," anamwona mtu, anaona chumba, anajua mkewe alikufa mwaka gani.

Baada ya mtihani wa pili Bi. Prater alimwita ofisini. Nilikuwa nimeketi nje, mlango uko wazi.

"Oleta, kazini kwako una wazee wangapi kwa zamu?"

"Kumi na wanne, mwalimu. Siku mbaya, kumi na wanane."

"Wasahau. Katika mtihani una mgonjwa mmoja tu. Una kila kifaa, una muda wote, na msaada ukiuita unakuja."

"Hospitali hiyo iko wapi, mwalimu? Niende nikaombe kazi leo."

Bi. Prater hakucheka. "Haipo popote," akasema kwa upole. "Ila ndiko wanakotungia maswali."

Mwisho wa muhula wa pili, mwezi wa tano, tukafanya mtihani wa mwisho. Swali moja sitalisahau. Bibi aliyepoteza kumbukumbu analia, anataka kwenda nyumbani kwa mama yake. Muuguzi atamwambia nini? Nilijua Oleta atajibu nini, maana nilimsikia akilisema neno hilo kila machweo kwa miaka: mama yako anakuja, amenituma niseme tule kwanza. Wazee walinyamaza, wakala, wakalala. Jibu hilo lilikuwepo, herufi ya tatu. Nami niliamini ndilo jibu. Lakini kitabu kilisema muuguzi hamdanganyi mgonjwa. Humwambia, nisimulie kuhusu mama yako. Nikajaza la kitabu, nikageuza ukurasa.

Matokeo yalitoka kwenye kompyuta za maktaba. Yangu yalikuwa sabini na nane nukta moja. Oleta aliitazama skrini yake, akaivua miwani, akairudisha.

Sabini na saba nukta sita.

"Lile la bibi anayelia umeweka lipi?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Nisimulie kuhusu mama yako," akarudia polepole. "Dreama, ukimwambia hivyo Bi. Combs atalia mpaka Krismasi. Wewe unajua."

"Najua."

"Na ukaliweka?"

Swali moja tu ndilo lililotutenganisha, na karibu kila nilichokijua kuhusu watu wazee nilikuwa nimefundishwa na yeye.

Akarudi kwenye nyumba ya wazee kwa zamu kamili. Mimi nikapanda mwaka wa pili, nikibaki pale kwa Jumamosi na Jumapili tu. Aliruhusiwa kurudia somo la muhula ule Januari, na safari hii alikusudia kukishika kitabu kama kinavyotaka. Akaandika karatasi tatu: kwanza tathmini, kisha panga, kisha tenda, kisha pima tena. Akazibandika kwenye jokofu, kwenye kioo cha bafu, kwenye dashibodi ya gari. Denver, ambaye wakati huo hakuweza tena kufika mezani, alimwuliza maswali akiwa kwenye kiti chake, akivuta pumzi baada ya kila maneno mawili.

"Atafanya... nini... kwanza?"

"Usiseme, Denver. Nionyeshe tu kadi."

Nilianza kuona amebadilika. Alikuwa mtu wa kuingia chumbani akajua. Sasa alisimama kizingitini, midomo inachezacheza.

Jumamosi moja mwezi wa tatu tulikuwa tukilisha watu kifungua kinywa. Oleta alikuwa na Bi. Combs, mimi meza ya pili. Nikasikia kijiko kinaanguka. Bi. Combs alikuwa ameshika koo, macho yamemtoka, uso unageuka rangi. Kipande cha mkate kimemkaba. Na Oleta alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia. Hakuwa ameogopa. Alikuwa anatafuta. Nilimsikia akinong'ona, "Kwanza tathmini. Kwanza..."

Niliruka. Nikamkumbatia Bi. Combs kwa nyuma, nikamkaza ngumi chini ya kifua, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kipande kikaruka mezani. Yule bibi akavuta pumzi, akaanza kulia kama mtoto.

Mbinu ile ile Oleta ndiye aliyenifundisha, wiki yangu ya kwanza kazini, kwa kutumia mto.

Nilimkuta baadaye kwenye chumba cha mashuka. "Nilikuwa nalo," akasema, bila kunitazama. "Miaka yote ile lilikuwa hapa mikononi. Sasa nikilitafuta nakuta herufi A, B, C, D."

"Ulishtuka tu, dada. Humtokea kila mtu."

"Hainitokei mimi." Akakunja shuka, akalikunja tena. "Angekufa, Dreama. Angekufa nami nimesimama nikichagua."

Nilimshauri apumzike mwezi mmoja, azungumze na Bi. Prater. Akasema mtu haachi shimo analochimba akiwa ndani yake. Akaendelea.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa juma lile lile nililomaliza mimi. Kwetu anayehitimu uuguzi huchagua mtu wa kumbandika beji kifuani mbele ya watu, na mimi nilimwomba Oleta tangu majira ya baridi, naye alikubali. Sherehe Ijumaa. Matokeo yake Jumanne.

Sabini na sita nukta nane. Safari ya kwanza alikuwa ameanguka akijua. Safari hii alikuwa hajui tena anajua nini.

Bi. Prater ndiye aliyemwambia, ana kwa ana, hakumwachia skrini. Nasikia alimshika mkono akasema, "Ningeugua, Oleta, ningetaka wewe ndiye unishughulikie." Oleta akamjibu, "Basi andika hivyo pale juu ya karatasi, mwalimu, mahali pa alama." Halafu akaomba radhi kwa kusema vile, akatoka.

Nilimpigia simu Alhamisi kumwambia hana haja ya kuja, nitamwomba mume wangu. "Nilisema nitakuja," akasema.

Alikuja amevaa gauni lake la kanisa la rangi ya samawati. Jina langu lilipoitwa alipanda jukwaani pamoja nami, akaifungua pini ya beji, akainyoosha kola yangu, akaibandika. "Simama wima," akaninong'oneza, "watu wanapiga picha." Keki ilipokatwa nikamtafuta, gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Nyumba ya wazee ilinipa kazi ya uuguzi. Nikaikataa, nikaenda hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa moja na nusu. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya uzoefu. Ukweli ni kwamba singeweza kuwa yule ambaye Oleta anamwendea kumwambia ameona jambo, anasubiri nimwambie kama ni kitu au si kitu.

Denver alifariki mwezi wa tisa, nyumbani, kwenye kiti chake. Kwenye mazishi Oleta alikuwa na macho makavu, anagawa sahani, anauliza nani hajala. Wiki mbili baadaye akaacha kazi. Mkuu wa nyumba ya wazee alimsihi, Bi. Combs alimsihi, yeye akasema asante, akawarudishia funguo.

Siku hizi anaoka biskuti za kwetu, vile vimkate laini vya kula na mchuzi au soseji, kwenye duka la kituo cha petroli, njia panda ya kwenda kwetu. Napita pale asubuhi nikienda kumwona mama. Mwezi uliopita nilimkuta kaunta, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Ya mchuzi au ya soseji?" akaniuliza.

"Ya soseji. Oleta, chuo kimoja upande wa Virginia kinapokea watu walio..."

"Unataka na kahawa?"

Nikasema ndiyo. Akamimina, akafunga kifuniko, akanisukumia kikombe. Nyuma yangu mzee mmoja aliyeegemea fimbo alikuwa akihema kwa shida, na viatu vyake vilikuwa havijafungwa kamba, miguu imevimba ndani yake hadi ngozi inang'aa. Nilimwona Oleta ameiona ile miguu. Aliitazama kwa muda. Kisha akayarudisha macho kaunta, akafuta unga kwa kitambaa.

"Karibu, mzee," akasema. "Nikupe nini?"

Mimi ndiye niliyemshika yule mzee mkono, nikamkalisha, nikaanza kumwuliza maswali. Nilipoinua kichwa Oleta alikuwa ameshaingia jikoni.