Wezi Wawili wa Kapsoit

Katika akina mama wote wa Kapsoit waliovuka miaka sabini, hakuna aliyeiba magari mengi kama Nyathira. Alisema hivyo mwenyewe, kidevu juu, na kabla hujamuuliza akaongeza mwenyewe kwamba hakuna mwingine aliyejaribu, na kwamba mengi ya magari hayo aliyabamiza ukutani kabla ya kona ya kwanza. Kuna moja jekundu aliloliiba, akalikalia nusu saa nzima akingoja liondoke lenyewe.

Uhalifu huo wote aliufanya akiwa kwenye kochi, goti la kulia limewekwa juu ya mto. Daktari alikuwa amelipasua goti hilo mwezi wa pili, akamkataza kuchuma majani chai mpaka mwezi wa saba. Mjukuu wake Tabby alijua kwamba neno la daktari peke yake halingemweka ndani mwanamke ambaye hata kwa uchungu wa kujifungua aliuliza kwanza nani amebaki shambani. Kwa hivyo, kabla hajarudi kazini Nakuru, alimwunganishia cucu wake mashine ya gemu kwenye televisheni, akamwekea rimoti mkononi, akamwambia, "Iba, cucu, lakini iba ukiwa umeketi."

Gemu yenyewe ilikuwa ya mji mkubwa wenye barabara zisizoisha, na wezi wawili marafiki. Unaenda unakotaka, unachukua unachotaka, polisi wakikuona mnakimbizana. Mwizi mwembamba ndiye unayemwendesha. Nyathira alimwita Wambugu, kwa heshima ya shemeji yake aliyeazima jembe mwaka wa El Niño na mpaka leo yuko njiani kulirudisha. Yule mwingine mnene, anayekufuata kila mahali akihema, alibatizwa na Mzee Isaiah: Arap Tumbo.

Mzee Isaiah alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, Mkipsigis, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita na kubaki na ng'ombe wanne na binti mmoja, Sally, aliyeolewa mbali. Siku ya kwanza alikuja kumwona mgonjwa, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi. Alikuta polisi wamejaa kwenye kioo cha televisheni. Akaketi bila kukaribishwa. Tangu hapo, kila siku saa tisa, mvua ikianza kugonga mabati, alikuwa mlangoni akipangusa gambuti, akimwita Nyathira kwa jina la mwanawe.

"Chamge, Mama Wachira. Wamekushika?"

"Bado. Ingia upesi, unawaletea hawa wezi baridi."

Hakuwahi kugusa rimoti. Kazi yake ilikuwa sheria.

"Mama Wachira, hiyo gari rudisha."

"Kwa nini tena?"

"Kuna kiti cha mtoto huko nyuma. Babu yangu akienda kuchukua ng'ombe za watu, hakugusa ile inakamuliwa mtoto."

"Babu yako alikuwa mwizi."

"Hakuwa mwizi. Alikuwa na sheria. Mwizi ni wewe, unachukua tu kama nyani kwa mahindi."

Nyathira akalirudisha gari. Polisi wakamkamata akilirudisha, na Mzee Isaiah akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

Lakini jambo ambalo Tabby hajawasamehe mpaka leo ni lile la benki. Walipofika kuiba benki, walikuta watu sita wamesimama nje. Sasa Nyathira na jirani yake walikuwa wakulima wa chai. Maisha yao yote walikuwa wamesimama na vikapu kwenye kituo cha kununulia majani, wakingoja karani na mizani yake. Wakamsimamisha Wambugu nyuma ya mtu wa sita, Arap Tumbo nyuma ya Wambugu, wakangoja. Alasiri yote ikaisha.

"Karani hajafika," alisema Mzee Isaiah.

Kesho yake wakangoja tena, mpaka Nyathira akampigia Tabby simu kuuliza benki ya wezi hufunguliwa saa ngapi.

"Cucu! Hao watu ni picha! Wamewekwa tu hapo, hawaendi popote!"

"Hata sisi kwa kituo hatuendi popote."

"Wapite! Ingia na bunduki!"

Mzee Isaiah, aliyekuwa akisikiliza, alishtuka kama mtu aliyeambiwa ateme mate kanisani. "Turuke watu wamefika mbele yetu?"

Walikuwa tayari kubeba benki nzima. Kuruka foleni, hapana. Mwishowe Nyathira aligundua mlango wa nyuma, na dhamiri zao zikapumzika.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Kazi ya mwisho ilipofunguka, kutoroka na lori la dhahabu kupitia milimani, Mzee Isaiah alikuwa na safari. Mtoto wa ndugu yake, Kiplangat, alikuwa anaposa, na wazee walitakiwa kule Sigor kwa koito, mazungumzo ya mahari. Siku nne.

Alisimama mlangoni na fimbo yake. "Usimalize bila mimi. Watu wametoka pamoja, wanafika pamoja. Ukimaliza peke yako, mimi na hiyo televisheni basi. Nitakusalimia kwa ua tu."

"Naapa kwa hili goti," alisema Nyathira.

Goti lilitunza kiapo siku moja. Siku ya pili mvua ya mawe ilipiga mabati tangu saa saba, saa tisa ikafika, hakuna gambuti mlangoni. Nyathira akatazama kiti kitupu, akatazama rimoti. "Nimsalimie tu Arap Tumbo," alisema kwa sauti, "asione tumemtupa."

Saa kumi na moja alikuwa amemaliza.

Ilikuwa hivi. Lori lilipanda mlima, likaingia kwenye handaki la mawe, likatoka upande wa pili, na hapo daraja lilikuwa limevunjika. Lori likaning'inia. Upande huu Arap Tumbo ameshikilia chuma kwa mkono mmoja. Upande ule kreti ya dhahabu inateleza. Unaokoa kimoja tu. Vidole vya Nyathira, vilivyofundishwa kwa miaka hamsini kwamba kilicho karibu kuanguka kinadakwa kabla ya kufikiri, vikadaka dhahabu. Arap Tumbo alianguka bila hata kumlaumu.

Wambugu alipewa nyumba ya vyumba tisa juu ya kilima. Nyathira alimtembeza chumba baada ya chumba. Alitafuta jiko, akalipata kubwa kuliko kanisa, bila sufuria hata moja. Alibonyeza kile kitufe ambacho siku zote kilimfanya Wambugu amwite rafiki yake. Wambugu akaita. Vyumba vikamrudishia sauti. Kisha majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda, mengi kama ya waliochanga matanga, na Nyathira akayasoma yote kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Akaketi akifikiria. Miezi mitatu ameiba, na sasa, amemaliza, alikuwa anakumbuka nini? Si benki. Si ile helikopta waliyoiangusha kwenye harusi ya watu. Alikumbuka alasiri moja waliposimamisha lori la wizi kando ya bonde la majani mabichi, polisi wakiwatafuta, kwa sababu Mzee Isaiah alitaka kutazama. "Hapa ng'ombe wangeshiba," alisema, na wakatazama mpaka chai ikapoa. Mji wote ule, watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwingine ameamkaje. Waliosalimiana walikuwa hapa nje, kwenye kochi na kile kiti. Na gemu ikiisha, mzee mwenye ng'ombe wanne atakuja saa tisa kutafuta nini kwa mama mwenye goti?

Akampigia Tabby. "Mtu akitaka kurudi nyuma, kabla hajatenda dhambi, anabonyeza wapi?"

"Cucu, umemaliza?"

"Nimeuliza swali. Jibu swali."

Siku ya tano, saa tisa, gambuti zikasikika. Mzee Isaiah aliingia amenyoa ndevu, akaketi, hata chai hakuulizia.

"Posa imeenda?"

"Imeenda. Na wewe? Umegusa?"

"Niguse nini? Hata vumbi sijapangusa," alisema Nyathira, na moyo wake ukadunda kuliko siku ya benki. "Arap Tumbo amekuulizia."

Akawasha. Lori likaanza kupanda. Nyathira aliendesha vibaya kwa bidii, akishangaa kila kona, "Haiya, na hapa tunapita wapi?" Kwa jicho la pembeni alimchungulia mzee. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, mguu ukikanyaga breki ambayo haikuwepo.

Wakaingia kwenye handaki. Giza tupu kwenye kioo.

"Polepole, Mama Wachira! Kaa kushoto, daraja limevunjika!"

Nyathira akasimamisha gemu. Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Daraja gani, Baba Sally?"

Mzee Isaiah alitazama giza la handaki kama linaweza kumsaidia. "Madaraja ya milimani," alisema, "mara nyingi huwa yamevunjika."

"Aa. Na huko Sigor, vijana wa Kiplangat hawana mashine kama hii?"

"Sijui mambo ya vijana. Mimi nilikuwa na wazee, tunaongea mahari."

"Ni sawa. Nilikuwa nauliza tu." Nyathira aliinua kikombe, akapuliza chai taratibu, akanywa. "Kwa sababu nimesikia kuna watu wamefika hapo, wakachukua dhahabu, wakamwacha Arap Tumbo aanguke."

"Mimi nimwache?" Mzee Isaiah aliruka, fimbo ikaanguka sakafuni. "Nilimshika mkono! Dhahabu ndiyo niliacha iende!"

Kisha akainama kuokota fimbo, akachelewa sana kuinuka.